Hema la Seif Kule Maji Moto

Siku ya maziko ya Seif walimsifu hata haya nikaona mimi. Nilikuwa nimekaa mkekani katika chumba cha wanawake, nyumba ile ile ya Likoni niliyoishi mwaka mzima nikiwa msichana, ila sasa imetiwa vigae sakafuni na feni darini. Ubavuni mwangu alikaa Zuhura, binti wa mamangu mkubwa, ambaye sikuwa nimemtia machoni tangu magoti yake yalipomkatalia kuvuka feri. Siku hiyo alivuka. Alitoka Kisauni na bakora yake na buibui lake la zamani, akakaa, hakulia, akaomba maji ya kunywa. Zuhura alikuwa mke wa kwanza wa marehemu, jambo ambalo nusu ya waliokuwamo hawakulijua na nusu nyingine walijifanya wamelisahau. Basi tukasikiliza. Ati Seif alikuwa mtu wa asili. Ati nasaba yake ilikuwa safi kama maji ya mvua. Ati hakupata kumdharau mtu maishani mwake. Kwa hilo la mwisho nilikohoa mpaka jirani yangu akanipiga mgongoni. Maiti hutajwa kwa mema yake, najua, nimefundishwa chuoni kama wenzangu, lakini hayo mema yawe aliyafanya yeye, si ya kuazima kwa majirani.

Jeneza lilikuwa limeshawekwa barazani, wanaume wamesimama, ndipo Twalib, mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, akaja mlangoni petu. Aligeuza uso pembeni kwa adabu akasema, "Mama zangu, shekhe auliza jina la mama mzazi wa marehemu. La talakini." Kila mtu wa kwetu ajua talakini. Maiti akishafukiwa, shekhe huketi kichwani pa kaburi akamkumbusha atakayoulizwa na malaika, na hapo humwita kwa jina la mamake, si la babake. Hakuna cha bin fulani bin fulani mbele ya mchanga. Mjane wake, Bi Maryam, akajibu upesi, "Khola. Mwambie Bi Khola, Mungu amrehemu." Twalib akaanza kugeuka. Nikahisi vidole vya Zuhura vikinishika kifundo cha mkono, vikavu na vyenye nguvu ambayo sikuidhania, na nikajua bila kumtazama kwamba fikira zetu zimekwenda mahali pamoja. Zilikwenda Maji Moto.

Ulikuwa mwaka wa maneno ya Mwambao, kabla ya uhuru. Nilifikaje katika nyumba ile si hoja. Nilipelekwa nikae na dada Zuhura, basi. Nyumba yenyewe ilikuwa na sebule ya mbele ambamo wanaume walikula na kuongea, na nyuma ya pazia ulikuwa ukumbi wetu sisi wanawake, na pazia lile lilizuia macho tu. Chumba kikubwa kilikuwa cha Bi Khola, mama wa Seif, kama tulivyomjua wakati huo. Alikuwa na kitanda kirefu cha kupandia kwa kibao, saa ya ukutani isiyokwenda, na kabati la vikombe vya kaure ambavyo hakuna kinywa kilichopata kuvigusa. Vilikuwa vya kutazamwa. Kila Ijumaa nilivitoa kimoja kimoja nikavifuta, naye ameketi kitandani anahesabu kwa macho kama kwamba mimi ni mwizi niliyefungwa kazi ya nje. "Rukia!" "Abee bibi." "Hicho umekifuta kwa mkono wa kushoto." Sikuwa najua kwamba kikombe kinaujua mkono. Zuhura alipika, na alipika vizuri: mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, samaki wa kupaka mchana, na jioni mkate wa kumimina ulionukia hiliki mpaka njiani. Walikula wote, wakalamba vidole, kisha Bi Khola husema, akielekea ukuta, "Mkono wa kupika anao. Tumbo ndilo hana." Dada alikuwa na miaka minne katika ndoa na hajashika mimba.

Hilo ndilo lililokuwa likipikwa katika nyumba ile kuliko samaki. Bi Khola alikuwa ameshamwona msichana wa mjini, Maryam huyu huyu wa leo, wa nyumba ya asili, na neno asili katika kinywa chake lilikuwa na ladha kama halua. Zuhura hakuwa na asili. Mama wa bibi yetu alikuwa Mdigo, jina lake Mbodze, na sisi hatukulificha kwa sababu halikutuwasha. Lakini Bi Khola alipolijua alilifanya kuwa dawa ya kila ugonjwa. Chumvi ikizidi, ni Mbodze. Mimba isiposhika, ni Mbodze. "Nlimwambia mwanangu," alikuwa akiwaambia wageni, "damu ya shamba haichanganyiki na damu ya watu. Hivino sasa twangoja nini?" Na kutoka upande wa pili wa pazia tulimsikia mwanawe akiwahutubia marafiki zake, karani wa ghala bandarini, kola imepigwa wanga, akisoma nasaba yake kwa kichwa kama mtoto anayekariri juzuu: Seif bin Ahmad bin Said bin Nasor, na kuendelea, mpaka babu aliyeshuka kutoka Arabuni na upanga. Mwambao utajitenga, alisema. Sisi si watu wa bara, tuna bendera yetu. Na alipopata moto hupiga meza akasema, "Mkataa kwao mtumwa!" Vikombe vya kahawa viliruka. Wenzake wakaitikia, "Ahsanta!" Nikiwa na miaka yangu kumi na saba nilimwona mtu mkubwa. Sasa nikikumbuka hujiuliza tulikuwa na nini machoni.

Aliyelivunja jambo alikuwa mamangu mkubwa, mama wa Zuhura. Alikuja kutoka Mtongwe asubuhi moja, akala kaimati saba bila kusema neno, akafuta mkono, akasema kwa sauti ya kupita pazia, "Mwanangu hatoki nyumba hii kwa maneno ya ukuta. Apelekwe Maji Moto kwanza, yeye na mumewe, waoge wote wawili kama wanavyooga wenziwao. Wakirudi bure, mwacheni, nitakuja mwenyewe nimchukue na mikeka yake." Mimi nilikuwa namimina chai. Sebuleni Seif alikuwa akila, na nilisikia kijiko chake kikigonga sahani mara moja. Kila mtu aliijua Maji Moto kwa kusikia. Iko mbali huko kusini, nyuma ya mlima wa Jombo, katika nchi ya Wadigo, maji yachemkayo yenyewe kutoka ardhini, na wanawake waliokosa watoto walikwenda kutoka Likoni na hata Changamwe. Seif akaanza kutaja nyoka. Akataja barabara. Akataja kwamba mtu aliyesoma haendi kuoga kwenye matope na washirikina. Lakini mamangu mkubwa alikuwa ameshasema mbele ya mashahidi, na kukataa dawa ya mkeo kisha ukamwacha kwa ugonjwa ule ule ni aibu hata kwa mtu mwenye babu mwenye upanga.

Akaenda, ila kwa namna yake. Jumamosi moja alirudi kutoka bandarini na furushi kubwa la turubai la kijani. Lilikuwa hema. Alilipata kwa mzungu wake wa kazini, ambaye alikuwa mtu wa kupiga kambi porini kwa starehe, jambo ambalo sisi tulilisikia kama kusikia kwamba kuna watu hulala juu ya paa wakati wana vitanda. Seif alilisimamisha uani kujifunza. Likasimama, akatutazama, likaangukia kuku wa Bi Khola. Alinunua pia suruali kipande, na soksi ndefu za kufika magotini, na sanduku la samaki wa mkebe. "Hatutalala katika vibanda vya watu," alisema. "Tutapiga kambi." Alilitamka neno kambi kama mtu aliyelivumbua. Nilicheka mpaka nikajificha jikoni. Nilidhani ni majivuno, na ni kweli majivuno hayakukosekana, lakini majivuno peke yake hayabebi turubai zito namna ile.

Tulikwenda kwa gari la mbata la Mbarak, rafiki yake, mtu mnene asiyejua kunyamaza. Bi Khola aliketi mbele na mwavuli wake, maana alisema lazima ashuhudie kwa macho yake kama dawa imetumika, na sisi watatu tukakaa nyuma juu ya hema, kati ya harufu ya mbata iliyotuingia nguoni. Tulipita Ukunda, Msambweni, tukapita miwa ya Ramisi ambayo haikuwa na mwisho, kisha njia ikawa si njia tena. Kila tulipofika panda Mbarak alitaka kusimama aulize. Kulikuwa na watu: wanawake na mizigo ya kuni, wazee na majembe, wote wanasimama kututazama. Seif aligonga bati la gari. "Usiulize! Shika kushoto." Tukashika kushoto. Panda nyingine, "Usiulize. Pita chini ya mikoma." Tukapita chini ya mikoma. Bi Khola alitazama mbele tu na mwavuli wake magotini, hakusema kitu, na Bi Khola kutosema kitu lilikuwa jambo la kutiliwa maanani, lakini mimi nilikuwa nashughulika na kutotapika. Tukafika bila kumwuliza hata mmoja. Mbarak akamsifu. "Yakhe, una dira kichwani!" Seif akapangusa vumbi kwenye soksi.

Kambi yenyewe nitaieleza kwa sababu sijaona tena upuuzi wa namna ile. Kijiji kilikuwa karibu, moshi wake tuliuona na harufu ya mihogo inayochemka tuliisikia, na mtu yeyote mwenye adabu angekwenda kubisha hodi. Seif akalipiga hema mbali, ndani ya vichaka, mlango wake ukiangalia mlimani, mgongo umewapa wenyeji. Akakataza moto. Tulikula samaki wa mkebe kwa mkate mkavu, na Bi Khola, ambaye nyumbani alirudisha wali kwa sababu ya punje moja ya mchanga, alikula akifunga macho. Kitanda cha kukunja kilimkunja. Tulimtoa mimi na Zuhura, mmoja miguu, mmoja kichwa, na ninakiri ilikuwa starehe yangu ya pekee ya safari ile. Mbarak akalala garini akilalamika kwamba angalau angepewa chai. Magharibi, tulipokuwa tukitandika mikeka hemani, niliwasikia dada na mumewe nyuma ya turubai.

"Seif, twende tukapige hodi. Maji yana wenyewe."

"Maji ni ya Mungu."

"Na nyumba yako ni ya Mungu, lakini watu hubisha."

"Kesho alfajiri tutaoga, tuondoke. Hakuna haja ya kuonana na mtu."

"Waogopa nini?"

"Mimi? Niwaogope hawa?" Akacheka, na kicheko chake kilikatika katikati.

Alfajiri tulikwenda, yeye mbele, Bi Khola amemshika Zuhura bega, mimi na kanga za kubadilisha. Mbarak alibaki na gari. Hapakuwa na ndia iliyoonekana, kama ambavyo angesema Bi Khola, nyasi tu na tope jeusi, lakini Seif alikanyaga hapa na pale, jiwe na jiwe, na sisi tuliokosea nyayo zake tulizama mpaka vifundoni. Kisha tukayaona. Palikuwa na visima viwili vya maji, wazi, kila kimoja upana wa chumba kidogo. Kimoja kilikuwa kikitokota, mapovu yakipanda na kupasuka, na harufu ya mayai mabovu ilikaba. Cha pili kilikuwa chini ya jiwe, kimetulia, maji meupe, mvuke mwembamba tu juu yake kama wa kikombe. Yeyote mwenye akili za mjini angekwenda kwenye kile kilichotulia. Zuhura alivua ndara, akafunga kanga kifuani, akasema bismillahi, akanyanyua mguu.

"Si hapo!" Seif alipiga ukelele. "Hapo pa mihogo! Utababuka! Oga huko kwenye mapovu!"

Nimeshasema mabaya yake mengi na nitasema mengine, lakini hilo nampa. Katika mwaka mzima niliomjua, hilo ndilo neno pekee alilolisema bila kujisikiliza, na lilimwokoa dada miguu. Zuhura akashusha mguu wake polepole kwenye nyasi. Akamtazama mumewe. Bi Khola akakaza mwavuli. Na kutoka nyuma ya jiwe, akiwa na kapu la mihogo mibichi kichwani, akatokea mwanamke mzee aliyevaa kaniki, mkavu, jicho moja limeingia ukungu.

"Nani aliyesema hapo pa mihogo?"

Seif aliinama kuvua soksi zake.

"Nauliza nani. Mgeni hapajui pa mihogo. Mgeni huungua kwanza."

Sikumpenda yule bibi. Jina lake Bi Mejumaa, mtunzaji wa maji, na alikuwa na kiburi cha watu wenye funguo. Alitukaripia kwa kutopiga hodi, akamkaripia Bi Khola kwa viatu, akanusa tumbaku akapiga chafya karibu na uso wangu. Kisha akatwambia desturi. Hapo haogi mtu mpaka ataje fuko lake, na fuko kwa Wadigo ni ukoo wa mama, tumbo ulilotoka na tumbo lililotoka tumbo lile. Na mke haogi peke yake kutafuta mtoto, mume naye aingie. Anayedanganya tumbo lake, alisema, maji humjua. Zuhura hakungoja. "Mimi Zuhura, mwana wa Amina, mwana wa Mwanaidi, mwana wa Mbodze." Bi Khola akafyonza. Bi Mejumaa akasema, "Mbodze. Haya, karibu kwenu," na dada akaingia kwenye mapovu, maji yakamfika kifuani, akafumba macho. Sijui alikuwa akiomba nini. Mimi nilikuwa nikimwombea mtoto kwa moyo wangu wote, kwa sababu nilijua akirudi bure hatakuwa na pa kuweka kichwa chake katika nyumba ile.

"Na mume?"

Seif akajivuta. Alisimama pale na suruali yake kipande, soksi mkononi, akaanza. "Mimi ni Seif bin Ahmad bin Said bin Nasor bin..."

"Hao wote wanaume," alisema yule bibi. "Hata mmoja wao hakuzaa mtu. Nauliza aliyekuzaa."

"Mimi ndiye mamake!" akasema Bi Khola.

"Basi taja na wako, na wa wako, mtoto aingie."

"Wangu hawatajwi porini."

"Mamangu ni Khola," Seif alisema. Aliyasema maneno hayo akitazama nyasi.

"Haya. Umeshataja. Ingia."

Hakuingia. Nitakaa na picha hiyo mpaka kufa kwangu. Yule aliyewaita watu washirikina sebuleni mwake, aliyepiga meza vikombe vikaruka, alinyanyua mguu mmoja juu ya maji ya vuguvugu ambayo mkewe alikuwamo, akaushusha. Akaunyanyua tena. Akaurudisha nyasini. Bi Khola alisema, "Ingia, mwanangu, ni maji tu!" na sauti yake ilikuwa na machozi, kitu ambacho sikuwa najua kimo. Hapo ndipo nilipofahamu, na Zuhura alikuwa ameshafahamu zamani. Yalikuwa maji tu kwetu sisi. Yeye alilelewa nayo.

Bi Mejumaa akashusha kapu. "Nyamvula alikuwa ndugu yangu, tumbo moja," alisema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayeongea kuhusu mvua. "Babako alikuja huku kununua ufuta, akamwoa, akamwacha. Akarudi akakuchukua ukiwa umeanza kuota meno ya pili. Kila Ijumaa alitia mihogo miwili pale, mmoja wake, mmoja wako, kama utakuja. Alifanya hivyo mpaka akafa. Mimi sikutaki kitu, Seif. Mtaje tu, uoge na mkeo."

Bi Khola aligeuza uso. Zuhura, kutoka majini, aliongea kwa sauti ambayo alikuwa hajapata kuitumia nasi, ya chini na ya upole. "Seif. Mtaje mamako, uingie. Nitakusitiri. Hata ukioa juu yangu sitasema neno. Lakini mtaje."

Angeweza. Palikuwa na wanawake wanne na mihogo. Hapakuwa na mtu wa Mwambao hata mmoja. Alitutazama kila mmoja, akavaa soksi zake moja baada ya nyingine kwa utaratibu kama aliye chumbani kwake, akasema, "Mamangu ni huyu hapa. Mzee huyo simjui. Rukia, mpe dada yako kanga, tunaondoka." Kisha akaenda kung'oa hema. Aling'oa kwa haraka mpaka vigingi vingine vikabaki ardhini, na turubai lilipokataa kurudi katika mfuko wake alilikanyaga kwa miguu. Bi Mejumaa alikuwa ameshageuka, anatia mihogo yake. Njia nzima ya kurudi Mbarak aliuliza kulikuwa na nini.

Kabla hema halijarudi kwa mwenyewe, talaka ilikuwa imetoka. Sababu iliyotolewa ni uzazi. Uongo mtupu, maji hayakupewa hata mwezi wa kufanya kazi yake. Hakumwacha kwa kuwa hazai, alimwacha kwa kuwa anajua, na mtu hawezi kupiga meza usiku akasema mkataa kwao mtumwa huku nyuma ya pazia kuna masikio kama yale. Siku tuliyotoka na mikeka, Bi Khola alinipa kikombe kimoja cha kaure bila kusema cha nini. Nilikinywea uji mpaka kikavunjika. Nilimwambia Zuhura tuseme, tulitangaze kutoka feri mpaka Mtongwe, nilikuwa nimewaka. Akaniambia, "Nilimwahidi sitara." Nikamwambia alimwahidi kwa sharti, na sharti hakulitimiza. Akasema, "Mimi niliahidi, yeye ndiye hakutaja. Kila mtu na lake." Niliudharau upole huo kwa miaka mingi. Mbele yangu ulikuwa na sura ya woga.

Yaliyobaki ni mepesi. Zuhura aliolewa Kisauni na fundi wa cherehani, mtu mpole mwenye kigugumizi, akamzalia watoto watano. Wanawake wakasema ni Maji Moto. Basi na Seif, ambaye hakutia hata ukucha, akazaa wanne na Maryam wake. Hao nao ni wa maji gani? Watu wakipenda muujiza usiwaharibie kwa hesabu. Na Mwambao wake ulipokwisha, na bendera ikawa nyingine, nilimwona kwenye feri wiki ile ile amebandika beji ya uhuru kifuani, kubwa kama kisahani, anawaeleza watu wa bara kwamba yeye alikuwa nao tangu mwanzo. Tulitazamana. Akaangalia maji. Alikuwa na kipaji hicho tangu zamani, cha kumkana mtu kwa utaratibu, bila kuchafua soksi.

"Ngoja, mwanangu," alisema Zuhura.

Twalib akasimama pale mlangoni. Chumba kizima kikageuka kumtazama bibi huyu wa Kisauni aliyeshika bakora. Nilijua atakalosema, na nasema ukweli wa moyo wangu: mimi ningemwacha. Ningemwacha aitwe kwa jina la uongo, alale pale chini akitafuta nani anaitwa, ahangaike na malaika wake kwa muda aliomhangaisha yule mama na mihogo yake. Nilimbana dada mkono anyamaze. Akauondoa mkono wangu, akauweka mapajani pangu kama kitu cha mtu mwingine.

"Mwambie shekhe, Seif mwana wa Nyamvula."

"Nyamvula?" Bi Maryam aliinuka nusu. "Jina gani hilo? Mwataka kumwaibisha maiti wangu mbele ya watu?"

"Ningetaka kumwaibisha ningemwaibisha yu hai, asikie," Zuhura alisema. "Bi Khola alimlea, na Mungu atamlipa. Lakini huko anakokwenda ataitwa kwa aliyemzaa, naye analijua jina hilo kuliko sisi sote. Alilikataa mbele yangu mara moja. Msimfanye alikatae tena leo."

Nje mtu alikohoa. Wanaume walikuwa wakingoja kunyanyua. Bi Maryam alitazama huku na huku, akamtafuta wa kumkanusha Zuhura, na wale bibi wazee wawili watatu waliosifu nasaba tangu asubuhi wote walikuwa wamepata kitu cha kutazama mkekani. Ndipo akajua kwamba walijua. Akakaa.

"Bibi," Twalib aliuliza, na sasa alikuwa ametugeukia kabisa, adabu ya mlangoni imemtoka, "Nyamvula ni nani?"

"Nyanyako," Zuhura akamwambia.

Alisimama pale, mtu mzima na mvi zake, akalirudia jina kwa sauti ndogo mara mbili tatu ili asije akalisahau kabla ya kufika kaburini, kisha akatoka kwenda kumpelekea shekhe.